Bendera ya Meli ya Mzee Ezekieli

Baba, shikamoo.

Kasulu imeamka na ukungu, nami niko kwa Mzee Ezekieli, seremala anayeunda meli za vita za matanga, ndogo za mezani kama zako. Kamba za meli hizo ni uzi wa cherehani uliosuguliwa nta ya nyuki. Chumba kizima kinanukia asali. Matanga ya meli moja yamejaa upepo kuelekea mbele, ila bendera inapepea kwenda nyuma. Nikamwambia ulivyonifundisha: upepo ukitoka nyuma, vyote huelekea mbele. Akacheka, akaniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, mimi bendera nimeziona kwenye magari tu, zikipepea nyuma!" Alipoigeuza, ukungu wa dirishani ukawa bahari.

Nakuletea nta. Ishushe kutoka kabatini ile meli uliyoiacha bila kuimaliza tangu Mama afariki. Mikono yako ikitetemeka, uzi nitashika mimi.

Mwanao, Zuhura