Noti ya Mama Sinemani

Mjukuu wangu Nuru,

Asalaam aleikum. Sisi huku London hatujambo. Babu yako goti linamsumbua, lakini ulimi mzima.

Umeniuliza naona raha gani kwenye filamu za zamani za Kimarekani, mtu yuko njiani, mara anaimba na kucheza bila sababu.

Tulipohamia hapa baada ya mapinduzi, mama yangu alikuwa hacheki wala hatoki. Jumamosi moja nikamshika mkono, nikampeleka sinema. Yule mwanamke wa kwenye filamu alipoanza kuimba, mama akainuka. Akatoa noti mkobani, akaipunga juu, akaenda mbele akicheza taratibu, kama tulivyokuwa tukienda kuwatunza waimbaji wa taarabu kwetu Unguja. Alipofika kwenye skrini, hapakuwa na mkono wa kuipokea.

Nikamfuata mbio, nikidhani analia. Kumbe anacheka mpaka machozi.

“Mama, turudi tukakae,” nikamwambia.

Akainama, akaiweka noti sakafuni, chini ya skrini.

“Iache hapo,” akasema. “Kanichezesha, ni haki yake.”

Kwa hiyo wao wakianza kuimba, mjukuu wangu, mimi sababu naijua.

Bibi yako akupendaye