Bi Mwanawema mbele ya picha ya mamake

Asma, uko wapi?

Bi Mwanawema wa Ole kaja kwenye maonyesho yetu ya picha za kale. Kasimama mbele ya ile aliyochora Mzungu, ya mwanamke kakaa barazani. Kasema, "Huyu mamangu. Hapa anachambua karafuu, na pakacha lake lile pale."

Mamake, Asma. Na mimi chini yake nimebandika "Kahaba akingoja wateja", vile vile ilivyoandikwa kwenye kitabu cha picha hizo. Pakacha hata sikuliona.

Mamake.

Akaniambia nimsomee maandishi. Nikasoma, "Mwanamke akichambua karafuu."

Akaweka kidole juu ya neno "Kahaba". Kisha akasema polepole, "Kusoma najua, mwanangu. Nilitaka kuona kama utathubutu kunitamkia."