Zimwi Mlangoni

Jumamosi, Kawangware.

Na viatu vya ngozi! Kile kitabu cha mzuka kilininyima usingizi wiki nzima, halafu leo kwenye filamu yake mzuka anatembea na viatu vinavyong'aa. Nimecheka njia yote mpaka nyumbani, hapa mtaa wa Kongo.

Nikabisha. "Akinyi, fungua, ni mama."

Binti yangu wa miaka sita akajibu kutoka ndani, "Hata zimwi lilisema hivyo."

Kosa ni langu. Kwetu hadithi ni za usiku, lakini kwa haraka ya sinema nilimsimulia mchana, nikamwachia pale zimwi linapoigiza sauti ya mama ili mtoto alifungulie mlango.

Nikabembeleza. Wapi! Ikabidi niketi mlangoni nimalizie hadithi. Zimwi lilipokufa ndipo akafungua.

Sasa amelala, haogopi chochote. Mimi ndiye ninayegeukageuka. Kesho nikienda kazini, si atamfungulia yeyote atakayebisha?