Magurudumu ya Risasi

Miritini,
2 Septemba 2024

Babu yangu Ishaka,

Shikamoo. Natumai wewe na Bibi Mwanasaumu hamjambo huko Bofu, na goti lako limepoa. Mimi ni mzima, ila roho haijatulia.

Babu, tangu Juni mimi ndiye msimamizi wa tanuri la kukaushia mbao hapa kwa Mama Jerioth. Mbao mbichi twazipanga juu ya troli, twalisukuma juu ya reli mpaka ndani, twafunga mlango, moto siku kumi na mbili. Kuingia laingia. Kutoka halitoki. Juzi tumelivuta kwa mnyororo na trekta. Mama Jerioth amesema likikwama mara moja tena, hata mara moja, analifunga tanuri, na sisi sita tutafute pa kwenda. Magurudumu mapya ameniachia mimi nichague.

Muuzaji ameleta ya kujaribu aina tatu: ya plastiki ngumu, ya chuma yenye beringi za grisi, na ya chuma yenye bushi, ile pete ya katikati, ya madoa meusi, hayo yanachafua vidole, nimeyaweka kando. Wewe umesukuma matroli ya reli miaka thelathini. Nichukue yapi?

Barua anayo Kadzo, nafanya naye kazi na ni jirani yako, maana simu najua huisomi.

Mjukuu wako,
Jalila

Bofu,
4 Septemba

Kwako mke wangu mdogo Jalila,

Marahaba. Goti halijapoa, lakini tumeshazoeana. Bibi yako mzima, ulimi wake mzima zaidi. Simu sisomi kwa kuwa maandishi yake ni kama mayai ya chawa.

Sasa wewe wataka nikuchagulie gurudumu kama mtu achaguliwaye mume? Mimi shule nilitokea dirishani darasa la nne, kwa hivyo nauliza kama mjinga. Humo ndani joto ni la kuchemsha chai ama la kuoka mkate? Ni kukavu ama kuna mvuke? Likigoma, hugoma magurudumu yote ama moja tu lenye kiburi? Na pale kwenye reli, chini ya gurudumu, waona nini? Usiniletee alichosema muuzaji, huyo ana mdomo wa kuuzia. Niletee ulichokiona wewe, umepiga magoti.

Hiyo plastiki mrudishie akawatengenezee watoto vigari.

Babu yako,
Ishaka

Miritini,
7 Septemba

Babu,

Shikamoo, na pole ya goti. Langu nalo sasa lauma, nimelipiga chini kama ulivyotaka, na watu wote wamenicheka.

Joto ni la chai inayokaribia kuchemka. Siku za mwanzo mvuke umejaa kama bafuni, kisha kunakauka. Hugoma yote manane. Na chini ya kila gurudumu, juu ya reli, kuna matone meusi yaliyoganda kama asali ya zamani. Nimefungua beringi moja: ndani kutupu, kutu tupu, na yanuka siki. Babu, siki imefikaje humo? Hakuna aliyekula kachumbari.

Mjukuu wako,
Jalila

Bofu,
10 Septemba

Kwako bibi wa matroli,

Marahaba, na salamu za bibi yako hakuna, hasemi nami. Sababu ni hii. Nilitaka nione mwenyewe, nikachukua beringi yenye grisi, nikaiweka juu ya kigae ndani ya sufuria yake ya pilau, maji kidogo chini, mfuniko juu, makaa juu ya mfuniko. Muda wa saa tatu. Wallahi grisi ilitoka yote, ikatembea kama wageni wanaoaga! Pilau ya Jumapili ikanukia lori.

Na siki nimeifikiri. Mbao nazo hutoka jasho zikipikwa, na jasho lake ni kali, linakula chuma. Grisi ikishatoka, jasho laingia. Ndiyo maana troli laingia likiimba na halitoki.

Basi achana na grisi. Chukua magurudumu ya risasi. Hayo hayana cha kumwagika. Ukisikia yanalia, yapake unga wa risasi, yatanyamaza. Na jambo jingine: yenye kingo za kushika reli weka upande mmoja tu wa troli, upande wa pili weka bapa. Chuma kikipata joto hunenepa kama mimi Ramadhani, ukikibana pande zote mbili kitakunja reli.

Babu yako,
Ishaka

Miritini,
17 Septemba

Babu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nicanor, fundi wetu kutoka bara, nilimtuma Changamwe. Akasimama kwenye dirisha la duka akasema kwa sauti, "Niko na shida ya unga wa risasi, kilo mbili." Mwenye duka akashusha shata, Nicanor akiwa nje na mkono wake ukiwa ndani. Amerudi akinipigia kelele: "Madam, huyo buda wako anataka nishikwe!"

Kisha akakaa, akafikiri, akasema pengine ni risasi ile ya kuyeyusha, kama vyuma vya kuzamishia nyavu. Akayeyusha, akamimina bushi nane, nzuri, zinang'aa. Tukapanga mbao. Tani ya pili haijaisha, bushi zote zimebonyea kama ugali wa moto. Troli limekaa kitako mbele ya mlango.

Mama Jerioth amesimama akalitazama. Akasema, "Hii sitahesabu kwa sababu haikuwa imeingia. Ijayo ndiyo ya mwisho."

Babu, ni risasi gani uliyotaka?

Jalila

Bofu,
19 Septemba

Mjukuu wangu Jalila,

Marahaba, ijapo ya hasira. Mpe pole Nicanor na mkono wake.

Risasi ya kalamu, mwanangu! Kalamu ya risasi! Wewe uliyesoma mpaka ukavaa joho, hukuandika nayo darasa la kwanza? Ndiyo hii ninayokuandikia sasa. Sugua kidole juu ya herufi hizi, kisha sugua kidole kwa kidole. Wasikia kinavyoteleza? Haiyeyuki, haimwagiki. Kule kazini reli sote tukiita hivyo, nikadhani dunia nzima yaita hivyo. Kosa ni langu nusu. Nusu nyingine ni ya Kiswahili.

Na sasa niambie: lile gurudumu la tatu, linalochafua vidole, lilikuwa likiwachafua kwa rangi gani?

Babu yako,
Ishaka

Bofu,
12 Oktoba

Jalila,

Salamu ziko nyingi, nimezila kwa njaa ya kungoja. Wiki tatu! Kadzo nimemuuliza, akasema "Limefungwa," akakimbilia feri. Limefungwaje? Limefungwa moto ukiwa ndani, ama limefungwa, nanyi mko nje bila kazi? Kitenzi kimoja, mambo mawili. Silali.

Babu yako

Miritini,
13 Oktoba

Babu yangu,

Shikamoo sana. Yale yanayochafua vidole kumbe ni ya risasi yako ya kalamu, ndiyo tuliyofunga. Nisamehe, niliogopa kuandika kabla ya kuona.

Jana tumefungua. Watano tumeshika mnyororo, wa sita, Nicanor, yuko kwenye trekta. Mlango ulipofunguka tu, kabla hatujagusa kitu, troli likaanza kuja. Lenyewe! Kumbe reli zimeinamia nje, na miaka yote kukwama ndiko kulikokuwa breki. Tukatupa mnyororo tukatimua mbio. Tani tatu za mkangazi zikatoka taratibu kama bwana harusi, mpaka kizuizi cha mwisho wa reli, na nyuma ya kizuizi amesimama Mama Jerioth na kikombe cha chai.

Akatazama mbao. Akatazama magurudumu. Akauliza, "Nani alichagua haya?"

Nikasema, "Mimi."

Akasema, "Basi chagua na breki. Tanuri linaendelea."

Babu, nilisema mimi. Sikukutaja. Tangu jana naona haya.

Mjukuu wako,
Jalila

Bofu,
15 Oktoba

Kwako msimamizi Jalila,

Marahaba, marahaba, na tena marahaba. Bibi yako nimemsomea, amecheka, kwa hivyo sasa tunasemeshana.

Haya ya nini? Umesema kweli. Uliyepiga magoti ni wewe, uliyenusa siki ni wewe. Mimi nilikuwa nauliza tu, na nilipoacha kuuliza nikaanza kuamrisha, mkono wa mtu ukabanwa.

Basi nirudi kwenye kazi yangu. Lilipokuwa likija lenyewe, lilitoa sauti gani? Lilinong'ona ama lilinyamaza kabisa? Usinijibu kwa barua. Mkipakia tena, mwambie Kadzo aje anichukue na goti langu. Mlango mtafungua nyinyi. Mimi nitasimama kando, nisikilize.

Babu yako,
Ishaka