Neno la Ustadhi Nililolificha

Kaka Khamis, mwana wa mama mkubwa,

Barua yako ya Kuwait nimeipata. Umeniagiza nimsalimie Ustadhi wetu wa Kipalestina, "yule mwema aliyeniuliza kama nimeizoea Maskat". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma naona haya.

Ustadhi hakukuuliza hivyo.

Ilikuwa uani mwa skuli, wiki chache baada ya nyinyi kufika kutoka Unguja. Sisi tulikuwa tumetangulia, na Kiarabu kilikuwa kimeshanikaa mdomoni. Wewe ulikuwa na "marhaba" na "shukran" tu, na wenzetu wakikutania kuwa hata maji unaomba kwa mikono. Lakini ile hesabu ya pembetatu iliyokuwa kwenye ubao uliotolewa nje, iliyonitoa jasho mimi, uliimaliza hapo hapo umesimama, ukapangusa chaki kwenye kanzu.

Ustadhi alikuwa ndiyo kwanza aanzishe masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo, humo humo darasani mwetu, baada ya sala ya alasiri, yasomwe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Aliwataka wanafunzi ambao wazee wao hawana uwezo wa kuwapeleka Misri wala Iraki. Alinishika bega, akasema kwa Kiarabu, "Mlete ndugu yako. Kaa naye umfasirie. Kwenye hesabu, huyu atatufundisha sisi."

Ukaniuliza, "Anasemaje?"

Nikakwambia anauliza kama umeizoea Maskat. Ukacheka, ukasema, "Mwambie nimeizoea kama samaki alivyozoea kikaango." Nikamgeukia Ustadhi, nikamwambia umeshukuru, ila mama yako anataka ufanye kazi. Akakutazama kwa huruma, akakupa mkono. Wewe ukaupokea kwa furaha.

Sikupanga, wallahi. Lakini unanijua: mpira siujui, na mbele za watu ulimi hunifa. Nilikuwa na vitabu tu, na nyumbani mimi ndiye niliyeitwa msomi. Nikajiona kila alasiri nimekaa ubavuni mwako, mkalimani wa mtu anayenishinda.

Siku uliyoondoka kwenda kupakua meli za watu, ulinikumbatia ukaniusia, "Soma, mdogo wangu, usome na fungu langu." Nimesoma. Nimefaulu, na chuo kimoja cha Baghdad kimekubali kunipokea mwaka wa pili. Mama amewagawia majirani halua. Mimi yangu nimempa mtoto wa jirani.

Jumamosi nilimweleza Ustadhi yote. Hakunigombeza. Alichukua kitambaa akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Kisha akasema darasa jipya linaanza baada ya Idi, nafasi yako ipo, na mkalimani wako atakuwa mtu mwengine.

Sijui kama waajiri wako watakuachia, wala kama utataka kukaa tena na wanafunzi waliokuwa nyuma yako. Miaka hii miwili siwezi kukurudishia.

Mama yako sijamwambia. Macho yake siku hizi hayashiki maandishi, barua zote namsomea mimi. Basi mwandikie yeye, Kaka. Andika nilivyokutenda, na unavyoniona sasa. Nitakaa mbele yake nimsomee neno kwa neno, hata pale utakaponitaja kwa ubaya.

Mdogo wako,
mtoto wa mama mdogo