Sori Niliyoisema Thelujini

St Marys, Sydney

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia ukiwa jikoni, maana najua barua hii utasomewa hapo hapo, umevuta kigoda karibu na moto, msimu huu baridi ya Lushoto inapokaba. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi? Usinijibu "sijambo" halafu ukabadilisha mazungumzo kama unavyofanya kwenye simu. Mwambie Elia aniandikie ukweli. Mimi huku ni mzima wa mwili. Ila nimechoka, mama, uchovu ambao nikilala nao naamka nao.

Najua umeninunia. Elia mdogo wangu ameniambia unasema Rehema siku hizi akipiga simu anaongea kama karani wa benki, haulizi, hacheki, anakata. Ni kweli. Nilikuwa na jambo, na sikutaka ulisikie nusunusu huku mtandao unakatikakatika. Sasa limefika mwisho, kwa hiyo nakuandikia lote. Elia, msomee mama taratibu, na usirukeruke mistari kwa kuwa mpira unaanza.

Nilikwambia kwamba namtunza bibi mmoja wa Kizungu huko shambani. Ofisi ya kampuni yetu iko Seven Hills, vituo vichache tu vya treni kutoka hapa ninapoishi, lakini bibi mwenyewe yuko mbali, nyuma ya milima, upande wa Oberon. Napanda treni, nabadilisha Penrith, napanda milima mpaka Lithgow, na hapo jirani yake, mzee Graham, ananichukua na pikapu. Nakaa naye wiki nzima, kisha nashuka na mwenzangu anapanda. Bibi anaitwa Joan. Miguu imekataa na masikio yamebaki kidogo, lakini ulimi ni mzima kabisa. Chai ikiwa nyepesi ananiuliza kama majani yameadimika duniani.

Kule theluji inaanguka, mama. Hapa mjini hakuna, kwa hiyo ikianguka milimani watu wanawasha magari wanakwenda kuitazama, wanapiga picha na watoto. Mimi sijaona cha kutazama. Baridi ya kwetu unaitoa kwa shuka na kikombe cha uji. Hii inakaa kwenye meno mpaka jioni.

Basi, balaa ndipo lilipoanzia. Kutoka barabara kuu hadi kwa bibi kuna njia yake mwenyewe, ya kokoto, inateremka mpaka kijitoni halafu inapanda hadi nyumbani. Kwenye ramani ya simu inaonekana kama njia ya mkato inayotokea upande wa pili. Haitokei popote, inaishia kwenye zizi la kondoo nyuma ya nyumba. Bibi ameweka kibao kikubwa langoni, pale barabara kuu, kwamba hii ni njia ya mtu binafsi na hakuna kupita. Lakini mtu akishaiamini simu yake, kibao atakisomea wapi? Kila theluji ikianguka wanakuja. Kuteremka wanateremka vizuri, shughuli ni kupanda. Magurudumu yanazunguka pale pale, halafu wanapiga honi kana kwamba bibi kaimwaga theluji makusudi.

Bibi Joan huwaona dirishani kabla yangu, ananiambia wamefika wengine. Mimi navaa gambuti, nabeba beleshi, natoka. Si kazi yangu. Kazi yangu ni kumwogesha bibi, kumpikia na kumpa dawa zake kwa wakati. Lakini utamwachaje mtu na watoto wake kwenye baridi ile, na wewe unamwona kwa macho yako? Nampigia Graham alete trekta, na wakati wa kumsubiri nachimbua magurudumu. Mgongo wangu umeishia kwenye magari ya watu nisiowajua hata majina.

Asubuhi moja, theluji ilikuwa imeanguka hata kibao kimefunikwa, likaja gari jeupe la mtu na mkewe, watu wa makamo. Likanasa kijitoni kama mengine. Nilikuwa nakwenda na beleshi langu, nikamwona yule mama anafungua mlango, anaweka mguu chini, na hapo hapo anateleza. Aliangukia mkono. Alivyolia, mama, nywele zilinisimama. Nikatupa beleshi nikakimbia huku nasema sori, sori, sori sana. Nikamwinua, nikamfunga mkono kwa mtandio wangu, bado nasema sori. Mumewe alikuwa na simu mkononi, anachukua video ya gari lilivyonasa. Akanigeukia akasema, "Na inakupasa."

Sikumwelewa. Nilijua ni uchungu wa mkewe unasema. Nikawaingiza ndani, nikawapa chai na blanketi, Graham akaja akawavuta, wakaenda hospitali. Baadaye tukasikia mkono ulivunjika. Nikamwombea yule mama kwa Mungu, nikaendelea na kazi.

Utauliza sori ya nini. Wewe unajua, mama. Kwetu mtu akijikwaa, hata aliye ng'ambo ya njia humwambia pole. Jirani akirudi shamba, pole na kazi. Mgeni akifika, pole na safari. Hakuna anayeuliza nani kamkwaza, wala nani kamtuma asafiri. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba pole kwa Kiingereza ni sori, nami nikaibeba hivyo hivyo hadi Australia. Nimeisema miaka yote hii na hakuna aliyenishtua. Kumbe huku ukimwambia sori mtu aliyeumia, wenzako wanaanza kutafuta ulichomfanyia.

Na walitafuta. Haikuchukua muda, bosi wetu Denise akanipigia nirudi Sydney. Yule bwana ameshaweka mwanasheria. Anasema lango lilikuwa wazi, ndiyo maana akaingia, na mfanyakazi wa pale anajua alichokosea, ndiyo maana anasikika kwenye video akiomba radhi tena na tena. Lango lile, mama, huwa wazi kipindi chote cha theluji kwa sababu barafu hulishika ardhini na halivutiki. Graham anajua, bibi anajua. Nikamweleza Denise hivyo. Akaniuliza, kama sikuliacha wazi mimi, mbona niliomba radhi? Nikarudia habari ya barafu. Akasema nikae nyumbani mpaka siku ya kusikilizwa. Wakiona nilizembea nitaondolewa, na jina langu litakuwa limeshachafuka. Nyumba gani nyingine itanipa mzee wao nimtunze? Na hii ndiyo kazi ninayoijua huku.

Nilikaa roho juu. Nikawa naogopa hata kufungua mdomo. Dukani dada mmoja aliangusha trei ya mayai mbele yangu, neno likafika ulimini, nikalimeza nikapita kama sikumwona. Halafu wewe ukapiga simu ukaniambia goti limevimba, huwezi hata kushuka sokoni, nami nikanyamaza. Ule ukimya ndio uliokuumiza, najua. Haikuwa kiburi, mama. Nilikuwa nimeshaliogopa neno lenyewe, hata kwa Kiswahili, hata kwako. Ipokee sasa basi, imechelewa lakini ni yako: pole mama, pole sana na goti.

Aliyeniokoa ni Mama Divine, Mrundi ninayekaa naye nyumba moja. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi huko kwetu Kigoma, Kiswahili chake kina Kirundi ndani lakini tunaelewana. Naye anatunza wazee, anarudi jioni miguu imevimba, anaikalisha kwenye beseni la maji ya moto ndipo anaanza kuongea. Usiku nilikuwa nafanya mazoezi ya Kiingereza cha kujitetea, nazunguka sebuleni kama mtoto wa shule. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Wewe Kiingereza ndicho kilikuponza," akaniambia, "na bado unataka kwenda nacho. Omba mkalimani."

Niliona aibu. Miaka yote hii huku, nikaombe mkalimani kama nimeshuka ndege jana? Lakini nikaomba.

Siku yenyewe nikaenda Seven Hills. Chumba kidogo, Denise upande mmoja, bwana wa sheria wa kampuni pembeni yake, na simu katikati ya meza ikiwa kwenye spika. Mkalimani alikuwa mwanaume, yuko mji mwingine kabisa, Mkongo kwa lafudhi yake. Denise akaniambia nieleze kuanzia mwanzo. Nikaeleza theluji ilivyokuwa, gari lilivyonasa, mama wa watu alivyoanguka, lango, kusimamishwa kwangu, usingizi ulivyonipotea. Nilikusudia kusimama kati aweze kutafsiri kidogokidogo, lakini nilipoanza sikuweza kusimama. Nilipomaliza, yule baba, kabla hajatafsiri hata neno moja, akasema, "Pole sana, mama. Pole kwa mateso yote."

Nililia. Unajua mimi si mtu wa kulia mbele za watu, hata kwenye msiba wa baba nilijikaza. Mama Divine alikuwa ameshanipa pole nyumbani, lakini kuisikia pale, mezani, mbele ya watu walioniita kwa sababu ya neno hilo, kulinivunja. Nikamjibu asante, ndugu yangu.

Denise akauliza amesema nini. Mkalimani huku analazimika kutafsiri kila kilichosemwa, hata cha kwake mwenyewe. Akakohoa.

"Nimemwambia sori," akasema.

Bwana wa sheria akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Sori ya nini? Wewe umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu," mkalimani akasema. "Hata simjui. Ameumia, nikamwambia sori."

Hapo sikuhitaji mkalimani, mama. Denise alinitazama, akaitazama simu, akanitazama tena, uso ukaanza kumwiva. Bwana wa sheria akaweka kalamu chini. Kisha akaiokota tena, akamwomba mkalimani alitaje neno lenyewe la Kiswahili, herufi moja moja, aliandike lilivyo. Mkalimani akamtajia. Ndipo akatafsiri maelezo yangu yote, nami nikakaa nikisikiliza maisha yangu yakisemwa kwa Kiingereza kizuri ambacho mimi sina.

Baada ya hapo Denise alinipigia kwamba nirudi kazini, jina langu ni safi. Madai ya yule mwenye gari jeupe yanaendelea huko kwa wanasheria wao, na bibi Joan bado anasumbuliwa nayo, lakini mimi sihusishwi tena. Ungedhani ningeruka. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka Mama Divine akaja kunivua. Denise ni mtu mwema, nakubali, lakini kabla hajakata simu alinishauri nisimwambie tena sori mtu aliyeanguka. Nimuulize kama yu mzima. Nikaitikia ndiyo. Yaani mtu yuko chini anagaagaa, mimi namuuliza kama yu mzima.

Barua hii niliianza St Marys, naimalizia huku shambani. Bibi Joan alinipokea kwa kulalamika tangu mlangoni, kwamba yule aliyeletwa badala yangu alikuwa anamwogesha kama anaosha gari. Nikajua amefurahi. Kumbe Graham alikuwa amekwenda mara mbili ofisini kwetu kueleza habari ya lango, mwendo wote ule na pikapu yake mbovu, na hakuniambia. Nimeambiwa na bibi.

Nisalimie shangazi Naomi, mwambie kitenge chake nimekivaa kanisani na Warundi wamekiulizia bei. Msalimie mjomba, naye asipande tena juu ya paa kwa umri ule, vijana wapo. Mchungaji mwambie asante kwa maombi, ingawa hakujua anachoniombea. Wifi yangu mke wa Elia nimesikia ni mzito tena, Mungu amtangulie, na Elia aache kumtuma kuni.

Nilitaka kufungia hapo, lakini asubuhi hii limekuja gari lingine. Theluji ilianguka tangu alfajiri, nikiwa namkausha bibi nywele, naye akaniambia wamefika wengine. Alikuwa mzee mmoja peke yake, amevaa suti nyeusi na viatu vya ofisini vimelowa mpaka soksi. Amesimama kando ya gari, hasukumi, hapigi honi. Nilipomfikia akaniambia anakwenda kumzika dada yake, upande wa pili wa milima, na simu ndiyo iliyomwelekeza huku. Watu wameshakusanyika kanisani wanamsubiri.

Nikasimama na beleshi. Maagizo ya Denise yalinijia. Lakini mtu anayekwenda kumzika dada yake nitamuulizaje kama yu mzima? Nami sori nimekatazwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, baba. Pole kwa msiba."

Nilitegemea atauliza nimesema nini. Hakuuliza. Alinitazama, kisha akashika kofia yake akanijibu kwa Kiingereza chake, "Asante."

Miaka yote nawaambia sori, wananijibu usijali, si kitu, hamna neno. Huyu ndiye wa kwanza kunijibu inavyojibiwa.

Tukachimba wote wawili mpaka Graham akafika.

Mwanao akupendaye,
Rehema