Mtungi wa Posa wa Gona

Shekha, weee! Nimecheka hadi leso imenifunguka. Mama leo katoboa siri ya baba!

Mwaka themanini na nne, Gona, baba yangu huyu huyu mpole, anakwenda kwao mama kuposa. Kabeba mtungi wa mnazi, pombe ya wazee.

Ndivyo alivyodhani!

Kumbe kabeba mbolea ya maji, ile samadi ya mbuzi aliyoiroweka anyunyizie mahindi. Mitungi pacha!

Babu Katana, babake mama, akautwaa, akamimina kwanza kidogo kwenye vigingi vya koma, wale wazee wao waliotangulia.

Harufu, Shekha. HARUFU!

"Gona," babu akauliza, "koma wetu wamekukosea nini?"

 Babu akaumwaga mtungi mzima papo hapo, akamfukuza. Mke ndiyo basi tena.

Wiki mbili baadaye, malisho yote yamekauka ila pale vigingini. Majani magotini, ng'ombe hawabanduki!

Babu akamwita Gona upesi.

"Koma wamekubali," akasema. "Sasa lete mitungi miwili. Sisi utuletee mnazi. Wao uwaletee ile ile."